Nilivyomsikilizia Baba Albamu

Juzi kwenye zahanati, muuguzi alinipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti kabla ya kunidunga sindano. Badala ya kuiogopa sindano, nikajikuta nimerudi mtaani kwetu Jericho, kwenye sebule yetu ya nyumba ya kaunsili, Baba akiwa amepiga magoti mbele ya redio yetu ya kaseti na CD akisafisha mahali kanda inaposomewa. Alifanya hivyo kila Jumamosi asubuhi, pole pole, kama mtu anayemsafisha mtoto kidonda. Harufu ile ya spiriti iliposambaa nyumbani nilijua kwamba baada ya chai nitaitwa, na nitaulizwa maswali.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha misumari kule Industrial Area, kwenye mashine ya kukata waya. Alianza huko kabla sijazaliwa. Wengi wenu wa rika langu mnawakumbuka wanaume wa aina yake: viatu vizito, koti la bluu, na sabuni ya kipande ambayo haikuweza kuondoa weusi kwenye kucha. Ila yeye alikuwa na kitu kimoja zaidi. Alikuwa na jina mtaani kwa sababu ya muziki. Jumapili baada ya kanisa wanaume watano au sita walibeba viti vyao hadi barazani kwetu, na aliyepata kanda mpya au CD mpya alikuja nayo. Wakishaisikiliza albamu nzima bila kurukaruka, wote walinyamaza wakamgeukia Baba. Alichosema ndicho kilichobebwa wiki nzima kwa vinyozi na kwenye vibanda vya chai. Walimwita Masikio.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, mambo yalibadilika, nami sikuelewa kwa nini. Baba alianza kunifanya nizisikilize albamu hizo kabla ya wageni kuja. Aliziazima mapema, akanikalisha kwenye kigoda karibu na spika, yeye mwenyewe akakaa mbele yangu akinitazama usoni. Kila wimbo ulipokwisha alisimamisha kanda. "Sema," aliniambia. "Sema ukweli. Usiseme ni nzuri kwa sababu watu wanasema ni nzuri."

Nilidhani ananifundisha. Nilidhani kuna mtihani wa mambo haya mahali fulani, na kwamba siku moja nitaufanya. Kwa hiyo nilijitahidi. Kulikuwa na albamu ya pop ya dada mmoja ambaye redio zote zilikuwa zikipiga nyimbo zake asubuhi hadi jioni, na msichana yeyote wa mtaani angekupiga kofi ukimsema vibaya. Nilimwambia Baba kwamba sauti ni safi lakini dada huyo anaimba kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kuanzia wimbo wa nne analia juu ya mwanamume yuleyule kwa maneno yaleyale, na mimi simwamini tena. Kulikuwa na albamu ya rap ya vijana watatu wa mitaa yetu hii hii ya Eastlands. Nikasema wanafoka mbio kana kwamba kuna mtu anakuja kuwanyang'anya kipaza sauti. Wa pili anameza maneno. Wanajisifia magari ambayo nina hakika hawana, isipokuwa kwenye wimbo mmoja ambapo mmoja wao anasimulia habari za mama yake akifua nguo za watu, na hapo nilisikia kwamba hadanganyi.

Baba hakucheka. Aliuliza tena na tena. Ngoma inaingia lini? Nani anaanza, mwanamume au mwanamke? Kuna mahali inanyamaza? Alinitazama mdomo mpaka nikaona aibu, nikidhani nina mabaki ya mkate.

Kesho yake nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake. "Huyu dada," alisema Baba mbele ya wanaume, akitikisa kichwa, "anaimba kama mtu anayejitazama kwenye kioo." Wakapiga makofi magotini. Mmoja wao, Baba Njoki, fomani wake pale kiwandani na baba wa rafiki yangu, alicheka hadi akatoa kitambaa kufuta macho. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Sikujua kama nimeibiwa au nimeheshimiwa.

Katika siku hizohizo Baba aliacha kuniitikia. Nikimwita nikiwa nyuma yake, hageuki. Nikimsimulia jambo la shuleni wakati anavua viatu, anaitikia "Mmh" mahali ambapo hapakuhitaji "mmh". Siku moja nilimwambia nimekuwa wa pili darasani, naye akanijibu, "Mwambie mama yako." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Niliamua kwamba Baba amechoka nami, na kwamba kitu pekee anachokitaka kwangu ni maoni ya albamu. Nikawa naogopa Jumamosi. Niliogopa kwamba siku nikikosa la kusema, hatakuwa na haja nami kabisa.

Basi kulikuwa na kijana mmoja, Ouma, fundi wa redio za magari aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Ouma alikuwa na kanda yake mwenyewe. Nyimbo nane za rap, alizirekodi chumbani kwa rafiki yake wakiwa wametundika blanketi ukutani. Aliileta kwetu Ijumaa jioni, akaikabidhi kwa mikono miwili.

"Mzee, sitaki unipake mafuta," alimwambia Baba. "Kama ni mbaya, niambie mbele ya watu. Nitajua nirudi tu kwa magari."

Jumamosi niliisikiliza. Nakumbuka niliogopa kwa niaba yake, kwa sababu nyimbo mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Ouma alikuwa amejilazimisha sauti nene isiyokuwa yake. Nilisema hivyo. Lakini kwenye wimbo wa tatu kitu kikatokea. "Ngoma inanyamaza," nilimwambia Baba. "Inanyamaza kabisa, anabaki yeye na maneno peke yake. Anamtaja ndugu yake aliyekufa. Hapo ndipo pazuri kuliko kanda nzima. Halafu ngoma inarudi."

"Inanyamaza kwa muda gani?"

Nilifunga macho nikapima. "Kama mtu anayesali Baba Yetu mpaka mwisho."

Alirudia midomo ikicheza. Ngoma inanyamaza. Maneno peke yake. Baba Yetu mpaka mwisho.

Jumapili hiyo watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu Ouma ni wetu. Mama alitoa viti vyote nje, redio ikawekwa dirishani ikiangalia baraza. Ouma hakukaa. Alisimama akiegemea ukuta, mikono kwapani. Nyimbo mbili za kwanza zikapita watu wakitazama chini. Ukaingia wa tatu. Baba alifumba macho, akaanza kugonga goti kwa kidole kufuata ngoma, sawasawa kabisa, hata mimi nilijivuna. Ngoma ikanyamaza. Baba akainua kidole juu.

Ouma alifoka mstari mmoja, labda na nusu. Halafu stima zikapotea.

Umeme ulikatika mtaa mzima, taa nyekundu ya redio ikazima. Kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, watoto wakapiga ukelele ule wa "Aaaah!" ambao kila mtu aliyekulia kaunsili anaujua. Halafu kimya. Baba alikuwa bado amefumba macho, kidole juu, akitikisa kichwa pole pole kama mtu anayekunywa kitu kitamu.

"Sikilizeni hayo maneno," alisema.

Wanaume walitazamana.

"Hapa hana ngoma ya kumficha," aliendelea. "Hapa ni yeye mwenyewe. Sikilizeni anavyomtaja marehemu."

Mzee mmoja alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Nilimwona Ouma akijiondoa ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, na nilijua kinachofuata. Baba alikuwa anahesabu Baba Yetu. Ikifika amina, atarudisha kidole kwenye goti kugonga ngoma ambayo haipo. Nikamwona akimaliza. Kidole kikashuka. Kikagonga mara moja, mara mbili.

"Mzee," Ouma alisema kwa upole. "Stima zimeenda."

Baba aliendelea kugonga. Mama akatoka jikoni kwa haraka, akapita katikati ya wanaume, akamshika bega. Baba akafumbua macho, akaona nyuso zote zimemgeukia. Akaiona redio. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa namna ile, tena mchana kweupe, amezungukwa na rafiki zake. Kisha akacheka kwa nguvu. "Nilikuwa naukumbuka moyoni," alisema. "Wimbo mzuri hauhitaji stima!" Watu wakacheka naye, kwa shukrani, viti vikaanza kukunjwa. Baba Njoki peke yake hakucheka. Alibaki ameketi akimtazama.

Jioni ile Mama aliniita kwenye mashine yake ya kufumia sweta, akaifanya ipige kelele huku akiongea chini chini. "Umeona ulichoona," alisema. "Ni ile mashine ya kazini. Imemla masikio kidogo kidogo. Sauti nyembamba zote zimekwenda, sauti yako, yangu, za waimbaji. Anasikia ngoma na sauti nzito tu. Wakijua kule kazini wanamtoa. Kwa hiyo hujaona kitu. Umenisikia, Nekesa?"

Nilimwitikia. Lakini nilikuwa nafikiria kuhusu "Mwambie mama yako." Kumbe hakuwa amelikataa neno langu. Hakulisikia tu. Furaha niliyoipata na hofu niliyoipata zilikuja pamoja, na nilikuwa mdogo mno kuzitenganisha.

Jumatatu nilikwenda kwa akina Njoki kufanya kazi ya shule. Njoki alikuwa ametumwa sokoni. Baba yake alikuwa zamu ya asubuhi, amekwisha rudi, ameketi kwenye ngazi akila njugu. Akanisogezea nafasi.

"Yale maneno ya kioo," alisema, "ni yako, sivyo?"

Nikafungua daftari langu.

"Nimejua siku nyingi. Mtu mzima hawezi kusema vile." Alimenya njugu, hakuila. "Wewe husema ukweli hata kama ni kijana wa jirani ameimba. Sasa nataka uniambie ukweli kuhusu baba yako. Anasikia?"

Nilitazama viatu vyangu. Kichwani nilimsikia Mama: hujaona kitu.

"Sikuulizi ili nimfukuze," alisema Baba Njoki. "Upande wa pili wa ile mashine kuna kijana anaitwa Wekesa. Ana mtoto wa miezi mitatu. Kazi yake ni kuingiza waya. Waya ukimshika, hana la kufanya ila kupiga kelele: 'Zima!' Na wa kuzima ni baba yako. Niambie, mama. Wekesa akipiga kelele, baba yako atasikia?"

Nilijaribu kusema ndiyo. Naapa nilijaribu. Lakini Baba mwenyewe alikuwa amenifunza miezi yote ile nisiseme kitu ni kizuri kwa sababu watu wanataka kiwe kizuri, na ulimi ulikataa.

"Hapana," nilisema. "Hatasikia."

Baba Njoki hakunishukuru. Alikung'uta maganda ya njugu mapajani, akaingia ndani.

Jumatano Baba alirudi kabla ya saa sita mchana. Alikuwa amepelekwa kwa daktari wa kampuni, akawekewa vitu masikioni, akaambiwa anyooshe mkono kila akisikia mlio. Aliunyoosha kwa milio michache mizito tu, kisha akakaa na mkono mapajani mpaka daktari akamgusa bega na kumwambia wamemaliza. Kuanzia kesho yake angekuwa ghalani, kufunga misumari kwenye katoni. Aliyasema hayo yote akiwa amesimama katikati ya sebule, kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. Kisha akachukua redio, akaipandisha juu ya kabati, akaifunika kwa kitambaa cha meza.

"Nani alisema?" aliuliza.

Mama alinitazama, kisha akatazama pembeni haraka, lakini ilikuwa imetosha.

"Mimi," nilisema.

Baba alikunja uso. "Nani?"

"Ni mimi, Baba."

Hakusikia. Alinielekezea sikio, akaweka kiganja nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu. Nikaongeza sauti. Bado. Nilikuwa nalia, na kilio kiliyavunja maneno, na kadiri yalivyovunjika ndivyo alivyozidi kuinama. Mwishowe nilipiga kelele ambayo ilivuka baraza, ikavuka ua, mpaka nikasikia mama wa jirani akiacha kuosha vyombo. "Ni mimi niliyesema! Nilimwambia Baba Njoki kwamba husikii!"

Hilo alilisikia. Hakunipiga. Alinyooka taratibu, akaniangalia kama mtu anayesoma barua ndefu, akaingia chumbani.

Zikapita wiki nyingi za kimya. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni na kucha safi, akala, akalala. Jumapili baraza lilikuwa tupu. Wanaume walipita wakimpungia mkono, hawakujua wamwambie nini. Mama hakunilaumu, lakini alikuwa akivuta uzi kwa nguvu mpaka unakatika. Mimi nilikuwa nimesadiki kwamba Baba amenichukia. Leo najua, maana Mama aliniambia nikiwa mkubwa, kwamba Baba alikuwa anaogopa. Aliogopa nitasema neno naye ajibu jingine, na niende kulia nyuma ya nyumba. Kumbe siku zile nilizokwenda kulia huko alikuwa akiniona.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa Ouma. Alikuja Jumamosi moja mchana amebeba kasha la mbao kubwa kama kreti ya soda, spika aliyoiunda mwenyewe, na CD moja isiyo na picha.

"Hii CD nimeitoa kwa gari la mteja," aliniambia mlangoni. "Akasema niitupe. Hii kitu haina mtu, haina ngoma, haina chochote. Wimbo mmoja dakika ishirini! Lakini iko chini, Nekesa. Yote iko chini chini, sauti nzito tu. Nikasema acha nijaribu."

Bila kuuliza ruhusa alishusha redio kutoka juu ya kabati, akaunganisha nyaya, akaiweka ile spika mezani mbele ya Baba. Baba alimtazama tu. Ouma akabonyeza.

Siku hizi najua kwamba muziki wa namna ile huitwa ambient na kuna watu wanaupenda sana. Wakati ule nilichosikia ni mngurumo. Uliingia bila kuanza, ukakaa, ukabadilika kidogo sana, kama vile mtu amesogeza fanicha kwenye nyumba ya mbali. Dakika tano. Dakika kumi. Vikombe vikaanza kutetemeka kwenye sahani zake. Ouma alinikonyeza akaenda zake kazini. Baba aliweka viganja vyote viwili mezani. Uso wake ulikuwa umekazana, kama uso wa mtu anayesubiri kuitwa jina ofisini. Sikuthubutu kuondoka. Albamu nzima ilipita hivyo, na kilichonitisha ni kwamba hakuniuliza kitu hata mara moja.

Ilipokwisha, kimya kilikuwa kizito kuliko kabla. Nilishindwa kukivumilia. Nikasema, karibu kwa kunong'ona, maana ilikuwa mazoea yangu kusema baada ya muziki kwisha.

Baba aligeuka. Aliona midomo yangu ikimalizia. Nikangoja ile "mmh" yake.

"Sikusikia," alisema.

Pembeni, mashine ya Mama ya kufumia ilisimama.

"Sikusikia, Nekesa. Njoo hapa mbele, nikuone mdomo. Sema pole pole."

Nilizunguka meza, nikasimama mbele yake, karibu hata nikasikia pumzi yake. "Nimesema haina kitu, Baba," nilitamka neno moja moja. "Ni kama friji ya duka."

Alinitazama mdomo mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Umekosea," alisema. "Umekosea kabisa. Kuna mtu anatembea humo ndani. Huko mwanzo yuko mbali, hata hajui anakwenda wapi. Katikati anapita mahali pana sana, hapo ambapo vikombe vimelia. Nilidhani hataweza kutoka. Na mwishoni anafika, lakini hafurahi, amechoka tu. Nimeisikia yote. Kila kitu kilichomo nimekisikia." Alipiga meza kwa kiganja. "Wewe umezoea kukimbiliwa na maneno. Huyu hakimbilii mtu."

"Lakini haina hata wimbo!"

"Nani amekuambia lazima iwe na wimbo?"

"Dakika ishirini, Baba!"

"Ungeacha kuhesabu!"

Mama alileta chai, ikapoa. Tulibishana tukiwa tumekaribiana uso kwa uso, kila mmoja akipaza sauti, mpaka mama wa jirani akaja mlangoni kuuliza kama kuna ugomvi. Mama alimwambia hapana, hakuna ugomvi, wanazungumza tu.